Mwili Nao Una Haki Yake

Wahenga walitwambia kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Methali hii nimeifunza darasani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka nimewaeleza wanafunzi wangu maana yake kwa bashasha: kwamba atokaye akahangaika hakosi japo kidagaa cha kutowelea. Sikuwahi hata siku moja kuwauliza, wala kujiuliza mwenyewe, huyo mgaagaa hulala saa ngapi. Laiti ningalijiuliza mapema, pengine nisingalikuwa na kisa cha kusimulia leo.

Niruhusu, msomaji mpendwa, nikusimulie kisa hicho, kwani naamini kwamba ingawa ni changu, wewe nawe utajiona ndani yake.

Kenya ilipotangaza kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Covid-19 mnamo Machi 13, 2020, mimi nilikuwa mwalimu katika shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa. Siku chache baadaye shule zote nchini zilifungwa. Machi 27 kafyu ikaanza, na kufikia Aprili 8 tukawa tumezuiwa kutoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale. Hoteli za ufuoni zikageuka mahame. Ndugu yangu, aliyekuwa mpishi katika mojawapo, alirudishwa nyumbani bila malipo akaambiwa asubiri kuitwa. Mimi nilipewa nusu ya mshahara mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei sikupewa chochote.

Sikumlaumu mtu. Shule isiyo na wanafunzi haina karo, na isiyo na karo haina mshahara. Lakini mwenye nyumba alitaka kodi yake, stima ilitaka kulipiwa, na watoto wanne walitaka kula. Basi nikafanya alivyofunzwa mgaagaa. Saa kumi na moja alfajiri, kafyu ilipokuwa ikikatika, nilikuwa tayari njiani kuelekea soko la Kongowea kununua nyanya, vitunguu na ndizi. Hadi adhuhuri nilikuwa nikisukuma mkokoteni mitaani. Alasiri niliandika mazoezi ya wanafunzi wangu na kuwatumia wazazi kwa simu, kwa kuwa roho ya ualimu haifungwi kwa amri ya serikali. Usiku, badala ya kulala, nilikesha nikitazama simu hiyo hiyo: wangapi wameambukizwa leo, wangapi wamefariki, nani kasema shule zitafunguliwa lini. Kila habari ilinitia hofu, na kila hofu ilinifanya nitafute habari nyingine.

Nilikuwa nikilala saa nne, nikizidisha ni tano. Nikiulizwa hali nilijibu, "Tunasukuma." Na nilijivunia jibu hilo.

Siku moja ya Julai, jua likiwa la utosi, nilisikia kichwa kikinigonga kama ngoma ya msondo, macho yakaingia kiza, nikashika mkokoteni nisianguke. Niliangukia magoti. Wapita njia walinitia ndani ya tuktuk hadi katika zahanati moja. Kijana aliyenipima shinikizo la damu alinitazama, akapima tena, akaniambia vipimo ni 190 kwa 110. Kiwango ambacho waganga huanza kukiita maradhi ni 140 kwa 90. "Mwalimu," akaniambia kwa upole, "umekuwa na tatizo hili kwa muda. Ulipimwa lini mara ya mwisho?" Nikakosa jibu. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye maradhi haya ulimwenguni hawajui kuwa wanayo. Nilikuwa mmoja wao, na kisomo changu chote.

Nilipewa dawa na masharti. Chumvi ipunguzwe, isizidi gramu tano kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Nitembee kwa miguu angalau nusu saa, siku tano za juma. Nilale. Nisitazame simu usiku. Kisha akaongeza sharti ambalo sikulitarajia: "Na ujitengee muda wa kukaa na watu, usifanye chochote."

Nilicheka moyoni. Kukaa bila kufanya chochote! Huo si ugonjwa wa matajiri? Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka kuwa sisi watu wa pwani tulikuwa na jina la jambo hilo kabla ya daktari yeyote kuliandika katika cheti. Tunaliita kubarizi. Jua likipunga, wazee hutoka wakakaa barazani, muuza kahawa akapita na dele lake akigonganisha vikombe, kashata zikatafunwa, bao likachezwa, na habari za ulimwengu zikapepetwa hadi makapi yakatengwa na punje. Na tukichoka na baraza, tulikwenda kupunga upepo kwenye mibuyu ya Mama Ngina, tukala mihogo ya kukaanga na madafu huku meli zikiingia bandarini. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ni uvivu wa wazee. Leo najua ulikuwa ni utabibu.

Basi nikatii. Kila jioni nilikwenda kutembea kando ya bahari, kisha nikakaa barazani na wenzangu, tukiwa tumeachiana nafasi na barakoa zetu zikiwa videvuni. Bwana mmoja mstaafu wa bandarini alitueleza jinsi alivyopoteza usingizi tangu mwanawe aachishwe kazi. Mwingine akakiri kuwa anadaiwa mikopo mitatu ya simu, naye hukopa huku kulipa kule. Sikuwa nimewahi kuyasikia hayo kutoka vinywani mwa wanaume hao, na nimewajua maisha yangu yote. Nilipoondoka pale kifua kilikuwa chepesi. Mwezi wa Oktoba nilipopimwa, shinikizo lilikuwa limeshuka. Nikawa mhubiri wa mapumziko. Kila niliyekutana naye nilimwambia: ndugu yangu, jitengee muda.

Iwapo ningekomea hapa, msomaji, ningekuwa nimekuandikia makala mazuri na ya uongo.

Kwani hiyo nyumba niliyokuwa nikiiacha kila jioni ilikuwa ikiendeshwa na nani? Nilipougua, mke wangu ndiye aliyechukua mzigo. Alianza kuuza mahamri na mbaazi kwa wafanyakazi wanaoelekea kivuko cha Likoni. Aliamka saa tisa usiku kuwasha jiko. Saa moja asubuhi alikuwa amemaliza kuuza. Kisha ilikuja zamu ya kufua, kupika, kuteka maji siku ambazo mfereji umekauka, na kumhudumia mama yangu mzazi tunayeishi naye. Jioni, mimi nikiwa nimeketi barazani nikisifu faida za kubarizi, yeye alikuwa akikuna nazi, akichambua mbaazi na kukanda unga ili uumuke usiku. Alilala saa tano.

Shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote mnamo Januari 4, 2021, nilirudi kazini kwa mshahara uliopunguzwa. Mahamri yakaendelea, na baraza yangu ikaendelea vilevile. Siku moja ya Februari binti yetu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2020, uliokuwa umesogezwa hadi Machi 2021 kwa sababu ya janga, alinikuta navaa makubadhi nitoke. Akaniuliza kwa adabu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake: "Baba, mama yeye hubarizi lini?"

Nilimjibu kuwa mama yake akitaka kupumzika hakuna amkatazaye. Jibu la kitoto, nami nikalijua ni la kitoto kabla sijafika mlangoni. Juma hilo hilo, alfajiri moja, nilizinduliwa na sauti ya karai kuanguka. Mke wangu alikuwa amesinzia amekaa mbele ya jiko. Mafuta yalikuwa yamemwunguza kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Nilipomshika alisema, "Si kitu, Mwalimu. Nitazamie hayo mahamri yaliyobaki yasiungue."

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ule nilikuwa nikiutazama kila siku, na kila siku niliuona mwepesi, kwa sababu haukuwa begani mwangu. Nilipomtazama vizuri kwenye mwanga wa taa niliona miguu iliyovimba, macho mekundu, na mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyezeeka miaka kumi katika mwaka mmoja. Mapumziko yangu yote niliyokuwa nikiyahubiri yalikuwa yamelipiwa kwa usingizi wake.

Tulikaa kitako. Haikuwa rahisi. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupinga. Nilipomwambia kuwa kuanzia sasa kukanda unga jioni ni kazi yangu, alidhani namfanyia mzaha. Majirani walipopata habari walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Vijana wetu wawili wakapewa maji na makaa. Tukakubaliana pia kuwa siku moja katika juma hatakaanga mahamri kabisa. Tulipiga hesabu ya hasara ya siku hiyo, tukaiona chungu. Kisha tukapiga hesabu ya dawa za kuungua, dawa za mimi, na kile ambacho kingetufika iwapo sote wawili tungeanguka. Hasara ile ikawa nafuu.

Na alipopewa hiyo saa yake, je, alijua la kuifanyia? La hasha. Siku ya kwanza alitoka na wanawake wenzake wa chama kwenda kupunga upepo, akachukua ungo wa mchele ili achambue mawe njiani wakipiga soga! Wenzake ndio waliompokonya. Miaka arobaini alikuwa amefundishwa kuwa mikono ya mwanamke ikitulia ni aibu. Kupumzika nako, msomaji, ni jambo la kujifunza, tena ukubwani hujifunzwa kwa shida.

Kwa nini nayaeleza haya leo, ilhali kafyu iliondolewa tangu Oktoba 20, 2021? Kwa sababu kafyu iliondoka lakini wasiwasi haukuondoka. Tangu wakati huo tumeona bei ya unga na mafuta ikipaa. Tumeona Juni 2024, vijana wetu waliposhuka barabarani kupinga Mswada wa Fedha na baadhi yao wasirudi makwao, na wazazi tukakesha na simu mikononi tukiuliza mtoto yuko wapi. Tumeona wahitimu wakizunguka na vyeti hadi bahasha zikachakaa. Nyakati zisizotabirika si wageni tena. Wamehamia, wametandika mkeka. Aliyekuwa akisema atapumzika mambo yakitulia atangoja hadi azikwe.

Najua pingamizi iliyo mdomoni mwako. Utasema: Mwalimu, mapumziko ni ya wenye nacho. Hamali wa bandarini akikaa siku moja, jikoni hakufuki moshi. Ni kweli, na sitaki kuwa miongoni mwa wale wanaowahubiria maskini subira wakiwa wameshiba. Lakini hebu tutafakari kwa kina. Tajiri akiugua, mali yake humuuguza. Hamali akiugua, ana nini? Mtaji wake wote ni mgongo wake. Je, yupo mwenye duka anayeacha bidhaa zake zinyeshewe kwa kuwa hana muda wa kuezeka paa? Mnyonge ndiye aliye na sababu kubwa zaidi ya kuutunza mwili, kwa kuwa hana kingine.

Tena sayansi imelisema hili bayana. Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu saa za kazi. Ilibainika kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko yule afanyaye saa 35 hadi 40. Hatari yake ya kufa kwa maradhi ya moyo nayo huzidi kwa asilimia 17. Hesabu sasa, bwana, saa za mkeo kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano usiku unaofuata, mara siku saba. Mimi nilihesabu, nikanyamaza.

Wala si hisani tunayoomba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya kila miezi kumi na miwili ya kutumika. Ni waajiri wangapi wanaoiheshimu? Ni mayaya wangapi katika nyumba zetu wenyewe, sisi tunaolalamikia wakubwa wetu, waliowahi kuiona siku hiyo moja? Dini zetu nazo, kila moja kwa njia yake, zimeweka nyakati za kuacha kazi na kutulia. Aliyetuumba alijua kuwa tukiachiwa wenyewe hatutaacha.

Nina neno pia kwa wanaume wenzangu. Tumelelewa tukiambiwa kuwa mwanamume halii, na wengi wetu tumelimeza hilo hadi limetukwama kooni. Mwanamume aliyeachishwa kazi huvaa asubuhi akatoka kama kawaida ili jirani wasijue. Deni linamla, naye anatabasamu. Kisha siku moja tunasikia habari mbaya, na tunabaki kusema hatukujua. Kwa miaka mingi sheria yetu ya jinai ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Ni hatua ya busara, kwani mtu aliyefika ukingoni anahitaji mkono wa kumvuta, si pingu. Lakini mahakama haiwezi kumfanya mtu aseme. Hilo ni jukumu la rafiki, la ndugu, la baraza. Ukiona mwenzako amepunguza maneno, mwite. Ukiwa wewe ndiye uliyelemewa, sema, na ukishindwa kumwambia jirani, mwambie mganga hospitalini. Nilidhani siri yangu ilinipa heshima, kumbe ilikuwa ikinipandishia damu.

Sikusimulii haya kama mtu aliyefaulu. Mshahara wangu haujarudi ulivyokuwa. Dawa nameza kila asubuhi, na kuna majuma ambayo mambo hutulemea, zamu zikavurugika na kila mtu akarudia mazoea ya zamani. Kovu la mke wangu lipo pale kwenye mkono, na nikianza kusahau hunikumbusha. Lakini simu sasa hulala sebuleni, si kitandani. Vipimo vya shinikizo tunachukua sote wawili kila mwezi. Na siku yake moja ya juma haiguswi, hata mgeni akija.

Kwa hivyo, msomaji wangu, usingoje uangukie magoti barabarani kama mimi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tafuta saa moja katika siku, na kama saa ni nyingi, tafuta nusu yake. Tembea, keti na watu, lala mapema. Kisha, kabla hujavaa makubadhi yako ukatoka, geuka utazame nyuma umwone anayebaki, ujiulize swali la binti yangu: na yeye je, hubarizi lini? Ukiwa huna jibu, bado hujapumzika. Umemtwika mwenzako uchovu wako.

Naweka kalamu chini. Imekwisha kutimu saa kumi na moja jioni, unga uko kwenye sinia, nazi imekwisha kunwa, na leo mwenye zamu ya kukanda ni mimi.